Amana ya Majani Sitini na Matatu

Mwalimu Conchesta alibisha hodi kwa Bi Mwanakhamis, jirani yake pale Wete, begi la safari begani na chungu kidogo kifuani. Ndani ya chungu mlikuwa na mmea wa kutambaa, majani yake yana pembe tano tano na mishipa myeupe, ule wenyewe wanaouita aivi.

"Bibi, nakwenda kwetu Bukoba likizo, mwezi mmoja. Nakuwekea amana. Mama aliuotesha mwaka aliofariki, na sina kitu kingine kilichopita mikononi mwake. Usiuweke juani. Na kabla ya kutia maji, gusa udongo kwa kidole. Ukiwa mkavu ndipo utie kidogo."

"Nenda kwa amani, mwanangu. Utaukuta."

Bi Mwanakhamis hakuwa mtu wa kusema hivyo kwa kupendezesha maneno. Mvunguni mwake mlikuwa na sufuria ya jirani aliyehamia Tanga, mwaka wa tisa huu, na kila Ijumaa aliitoa akaisugua kwa majivu. Basi mwalimu alipoondoka, alivaa miwani, akakaa mkekani, akahesabu majani mara mbili. Sitini na matatu. Akaandika kwa penseli pembeni ya kalenda.

Habari ya kidole ilimtia haya. Mgeni gani huyo wa kutiwa kidole mdomoni ijulikane kama ana kiu? Akaona bora kila akitia udhu, na mmea upate kopo lake. Mara tano kwa siku, na la sita akisali dhuha.

Wiki haikwisha, jani moja likageuka manjano likaanguka. Alilipangusa, akalitia ndani ya mkebe mtupu wa maziwa ya unga. "Sitini na mawili mtini, moja mkebeni. Amana haijapungua." Akaona ni kiu, akaongeza makopo yawe mawili mawili. Siku ya kumi mkebeni mlikuwa na majani kumi na saba, na udongo unanuka kama tope la mikokoni.

Alasiri hiyo akaja Bi Hija, shoga yake wa tangu utoto, na kijaluba chake. Popoo alikuwa nayo, chokaa anayo, tambuu, yale majani ya kutafunia, ilikuwa imemwishia. Bi Mwanakhamis aliingia ndani kuchukua kahawa. Alipotoka alimkuta mwenzake anatafuna, macho yanamtoka machozi.

"Shoga, tambuu yako hii kali!"

"Tambuu gani? Mie sina tambuu."

Wote wawili wakatazama dirishani, chungu kilipokuwa.

"Hija! Umekula amana ya watu!"

"Matatu tu."

"Tema!"

"Mawili yameshapita."

Bi Hija akashika mdomo. Midomo ilimvimba kama andazi lililozidishiwa hamira. Daktari alisema hatakufa, ila asukutue mdomo, na kwa siku kadhaa anywe uji wa kupoa na maziwa baridi. Bi Hija akiishi peke yake, kwa hiyo Bi Mwanakhamis alihamia kwake kumuuguza. Siku tano nzima Bi Hija alikaa kimya, jambo ambalo mtaa ulikuwa haujaliona kwa miaka sabini.

Siku ya sita Bi Mwanakhamis akaukumbuka mmea. Alikimbia kanga mkononi, anasoma inna lillahi njia nzima. Udongo ulikuwa umekauka mpaka umepasuka. Hakuna jani jipya lililoanguka, na nchani mwa matawi yamechomoza majani manne, kila moja kama ukucha wa mtoto mchanga. Alikaa kitako sakafuni. Kisha polepole, kama anayeomba radhi, akatia kidole udongoni, akafuatiza nusu kikombe cha maji.

Mwalimu aliporudi alikuta chungu, mkebe na kalenda vimepangwa mkekani, na Bi Hija kaketishwa pembeni.

"Mwanangu, uliacha sitini na matatu. Arobaini na matatu haya mtini. Kumi na saba mkebeni, uyashike taratibu yanavunjika. Matatu kayala huyu."

"Mawili na nusu," alisema Bi Hija. "Nusu nyengine niliitema."

Conchesta alifungua mkebe, akaona majani yamepangwa yote, yamepanguswa moja moja. Alicheka mpaka akalia, na kilio kikadumu zaidi kidogo ya kicheko.

"Na haya madogo tisa, Bibi?"

"Hayo hayamo kwenye kalenda. Sijui ni ya nani."

Mwalimu alikata kitawi kimoja, akakitumbukiza ndani ya gilasi ya maji. "Hiki ni chako. Si amana. Kikiota mizizi ukipande, na hata kikifa sitakuuliza."

Bi Mwanakhamis alishusha pumzi ya mwezi mzima. Akakitazama kitawi, uso ukachangamka.

"Kwa kuwa ni changu, nikishakipanda naweza kukitia maji kila nikitia udhu?"

"Hapana!" walijibu wote wawili.

"Mwanakhamis, weye tia kidole tu," akaongeza Bi Hija akijifunika mdomo kwa ushungi. "Safari hii mie siugui tena kwa ajili ya mti wako."