Aliyekula Chakula cha Tanvi

Badria binti Twaha alilelewa katika nyumba ambayo chombo cha jirani hakikurudishwa kitupu. Likija bakuli la mchuzi, lilirudi na vitumbua. Na siku ambayo jikoni hamna kitu kabisa, mama yake alitia hata ndimu mbili akazifunika na kawa, alimradi mwenye chombo asikute upepo. Ndivyo walivyoishi pale Msimbazi, na adabu hiyo Badria alikwenda nayo mpaka kazini, asijue itakuja kumliza.

Kazi yake ilikuwa chuoni, katikati ya mji, kwenye chumba kimoja chenye pazia, viti viwili na mizani ya kupimia watu. Alikuwa mshauri wa wanafunzi. Wenzake walipokea waliofeli na waliokosa ada. Yeye alikuwa amepelekwa nje kusomea ugonjwa wa watu wanaojinyima chakula, mtu yuko mbele ya sahani, njaa inamla, na mkono hauendi. Aliporudi, Isidori, mshauri mwenzake, alicheka mpaka akajifuta macho. Alimwambia Bongo nzima iko Feri inagombania samaki, na yeye ametoka kusomea wanaokataa kula. Atakaa na mizani yake mpaka iote kutu.

Haikuota kutu. Ilikuwa miaka ile biashara imefunguliwa, rafu zilizokuwa tupu zimejaa, televisheni zimeingia majumbani. Wasichana waliozoea kusifiwa kwa kunenepa sasa walisimama Mchikichini wakijaribu suruali za mitumba, suruali zikagoma mapajani, wakaona kosa ni la mapaja.

Tanvi aliletwa na mwalimu wake, ambaye alimkuta ameshika ukuta katikati ya ngazi. Alikuwa binti wa Ghanshyam, muuza vitenge wa Kariakoo, na alikuwa mwaka wa pili. Alivaa sweta, na nje jasho la watu linachuruzika. Alisema shikamoo madam kwa sauti ndogo, akakaa kwenye ncha ya kiti kama anayechelea kukichafua. Badria akaitikia marahaba, na kabla binti hajasema jingine alikuwa ameshaujua ugonjwa wake. Hapo hakukosea.

Wakapatana awe anakuja Jumatatu na Alhamisi. Badria alitaka kuonana na mama yake. Tanvi akasema mama anajua kila kitu, ila anaona haya kuja. Jumatatu iliyofuata alikuja na mkebe wa bati wa ghorofa tatu, ule wa kubebea chakula, akauweka mezani na kusema mama anakushukuru, amekuletea. Badria alimwambia basi wale pamoja. Tanvi akainamisha kichwa, akajibu kwamba leo amefunga.

Basi hapo ndipo Badria alipopotelea. Kwao mtu akisema amefunga, haulizwi neno. Humkaribishi mara ya pili, na ukijaaliwa unageuka upande ili harufu ya chakula isimtese. Tena Jumatatu na Alhamisi ndizo siku ambazo mama yake mwenyewe alikuwa akifunga sunna, kwa hiyo masikio yake yalilipokea neno lile kama la nyumbani. Aliwaza kwamba Wahindu nao wana mifungo yao, na si adabu kupekua dini ya mtu. Akamwambia Mungu amkubalie. Akamwambia tena, na kwa neno hili Mungu amsamehe Badria, kwamba ni mtoto mwenye moyo wa nguvu. Tanvi alitabasamu. Badria alikuja kulikumbuka tabasamu lile baadaye. Lilikuwa la mtu aliyepewa ufunguo.

Chakula chenyewe sasa. Ghorofa ya kwanza chapati nyembamba zenye majani ya uwatu, ya pili viazi vya bizari, ya tatu achari ya embe, na siku nyingine dhokla, ile mikate laini ya unga wa dengu, imemiminiwa haradali iliyokaangwa. Badria alisubiri binti aondoke, akala. Mara ya kwanza alikula kwa heshima. Baadaye, ukweli usemwe, Jumatatu na Alhamisi alikuwa habebi tena chakula kutoka nyumbani. Ikikaribia saa ya Tanvi sikio lake lilikuwa mlangoni, na alichokisikiliza hakikuwa nyayo peke yake, bali na mlio wa bati.

Na mkebe hakuuacha urudi mtupu. Usiku alikaanga kaimati, au akapika visheti, au akakata mkate wa sinia, akajaza ghorofa ya juu, na Tanvi alipopita tena akauchukua. Badria alijiambia maongezi na yule mama yanakwenda vizuri, japo hawajaonana. Mizani ilimfariji pia, uzito haukuwa ukishuka sana. Hakujua kwamba kabla ya kupanda mizani mtoto alikuwa akipita bombani na kunywa maji mpaka tumbo linauma.

Jumanne moja Tanvi alianguka dukani, katikati ya marobota ya vitenge, wateja wakadhani anatafuta kitu chini. Habari ilifika chuoni asubuhi ya pili. Badria akaacha kila kitu akaenda hospitali.

Alimtambua mama kwa macho ya mtoto. Mama huyo, Jasvanti, alikuwa amekaa pembeni ya kitanda, sari imekunjamana, amebeba chupa ya maziwa ya moto yaliyotiwa sukari na lozi. Tanvi alilala amefumba macho, sweta wamemvua, na mkono uliokuwa juu ya shuka ulikuwa mwembamba kiasi kwamba Badria alitazama pengine. Aliposema jina lake, Jasvanti alinyanyuka akamshika mikono yote miwili.

"Dada Badria, ndiye wewe? Asante, dada. Nyumbani hali vizuri huyu, lakini kwako anakula. Nasema na baba yake kila siku, yule mwalimu ana mkono wa baraka."

Akaendelea, na kila alichosema kilimshuka Badria kama maji ya baridi mgongoni. Alisema Jumatatu na Alhamisi mtoto jioni hula kidogo, akisema ameshiba chakula cha mchana, amekula na madam. Ndiyo maana akaongeza chapati, za watu wawili. Mkebe unarudi umeoshwa, na juu una vitu vitamu, akajua kweli kule mtoto wake anapendwa. Kaimati zile amemwonyesha hata shemeji yake. Badria aliuliza kuhusu mfungo. Jasvanti alishangaa. Mfungo gani? Halafu akacheka kidogo, akamweleza kwa upole, kama anayemfundisha mgeni, kwamba hata wakifunga wao hawakai hivihivi, wanakula ndizi, maziwa, karanga, viazi; ni nafaka na chumvi ndivyo vinavyoachwa.

Badria akaanza kuzihesabu Jumatatu na Alhamisi alizokula.

Akaingia Daktari Elieshi, mama mfupi mwenye haraka. Alimuuliza mzazi mtoto anakulaje. Jasvanti akajibu bila kusita kwamba anakula vizuri sana, kwa mwalimu mkebe anaumaliza, huyu hapa mwalimu wake ni shahidi. Daktari akamgeukia Badria, na Badria, aliyesomea jambo hilo miaka miwili kwenye nchi ya baridi, akatikisa kichwa kwa namna ambayo haikuwa ndiyo wala siyo. Daktari aliichukua kuwa ndiyo. Akasema basi tatizo haliko kwenye chakula; malaria haikuonekana lakini ataitibu hivyohivyo, atamtundikia dripu ya sukari yenye kwinini, na mama ampe yale maziwa na vitu vya kutia nguvu, kadiri atakavyoweza. Akaenda kuita muuguzi.

Badria alijua maana ya maneno yale. Mwili uliokaa na njaa kwa muda mrefu haushushiwi sukari kwa pupa. Moyo ulioishiwa unaweza kusimama palepale, mtu na kijiko chake mdomoni. Alijua, na bado alitoka nje.

Alijiambia anakwenda kunywa maji. Alisimama barazani, mkono juu ya nguzo. Angeweza kumfuata daktari kimyakimya, akamnong'oneza kitaalamu, na Jasvanti asijue kamwe ni nani aliyekuwa akila. Hilo lilimjia likiwa limevaa nguo nzuri, likasema ni kwa ajili ya kumpunguzia mama uchungu. Lakini aliona mbele yake: leo daktari atabadilisha dawa, na kesho Jasvanti atakuja na mkebe, atauacha kwa mtoto akiamini unaliwa, kwa sababu unaporudi huwa umeoshwa. Uongo ule ulikuwa na miguu miwili, mmoja wa Tanvi na mwingine wake, na usingeanguka mpaka yeye aondoe wa kwake.

Akamkimbilia daktari, akamshika mkono mbele ya muuguzi, akamwambia asitundike kitu, warudi wodini. Pale kitandani alisimama mbele ya Jasvanti.

"Mama Tanvi, mtoto hakula. Kile chakula nilikula mimi."

Jasvanti alimtazama kama vile lugha imebadilika.

"Siku zote?"

"Siku zote alizokuja kwangu. Alisema umeniletea, na yeye amefunga. Nikaamini. Sikuja kukuuliza, na duka lenu napita mbele yake nikienda nyumbani."

"Na zile dhokla?"

"Nazo."

"Ulipeleka salamu, ukasema ni tamu."

"Zilikuwa tamu, mama."

Tanvi alikuwa amefumbua macho. Machozi yalimtoka pembeni yakaingia sikioni, hakuyafuta. Jasvanti alifunga kifuniko cha chupa ya maziwa, akakikaza, akakikaza tena. Hakumtukana Badria. Alimwambia daktari kwa Kiswahili kilichonyooka kwamba amesikia, na afanye anavyojua. Daktari Elieshi akamuuliza Badria maswali mengi na makali, akayapata majibu, akaamuru dripu nyingine, sukari kidogo kidogo, na kijiko kwa kijiko cha uji mwepesi. Kabla ya kuondoka alimwuliza Badria kwa nini alitikisa kichwa. Hakungoja jibu, akaenda kitanda kinachofuata.

Ofisini, nyuma ya pazia, mkebe wa Jumatatu ile ulikuwa bado upo. Badria aliuchukua nyumbani akauosha jioni ile. Akachota unga wa kaimati, kwa mazoea tu ya mkono, kisha akaurudisha kwenye mfuko wake. Kesho yake akaupeleka mkebe hospitali kama ulivyo.

Jasvanti aliupokea bila salamu. Alifungua ghorofa ya juu, akaangalia ndani. Akafungua ya katikati. Akafungua ya chini, akapitisha kidole. Badria alisimama huku uso unamuwaka. Tangu azaliwe hakuwahi kumrudishia mtu chombo kitupu, na mama yake angekuwa hai angeziba macho.

"Sasa umesema kweli," alisema Jasvanti. Akavipanga vile vikopo kimoja juu ya kingine. "Kesho nitauleta. Utakuja ukae hapa. Hutakula."

"Sitakula, mama."

Siku tatu mkebe ulikuja na uji, ya nne ndiyo ukaja wali laini wa choroko, uliopikwa mpaka umevurugika, na samli kidogo juu. Jasvanti aliupakua kwenye bakuli akamwekea mtoto, akarudi kukaa upande wa pili wa kitanda. Harufu ya bizari nyembamba ikamfikia Badria, na mdomo wake, bila haya, ukajaa mate. Aliyameza akatazama chini. Jasvanti aliona. 

Tanvi alishika kijiko muda mrefu. Halafu akafanya kile ambacho kila mtoto aliyelelewa Kariakoo hukifanya akiwa na sahani mbele ya mkubwa. Akalisogeza bakuli upande wa mgeni.

"Karibu, madam."

Haikujulikana kama ni adabu au ni ile njia ya zamani inatafuta pa kupitia tena. Pengine hata yeye hakujua. Badria aliweka kiganja kwenye ukingo wa bakuli na kulirudisha taratibu.

"La, Tanvi. Hiki chako."

Akakaa pale, mikono mapajani, mama upande ule na yeye upande huu, mpaka kijiko kiliponyanyuka.