Fungu la Bryony

Bryony Tansley alikuwa na miaka thelathini na minne, na minne ya mwisho aliimalizia katika chumba cha nyuma cha nyumba ya mama wa mpenzi wake. Nyumba yenyewe ilikuwa katika mji wa Kettering, Uingereza, kwenye mtaa wa nyumba za matofali mekundu zilizoshikana ukuta kwa ukuta. Mwenye nyumba aliitwa Glenys Padgett, mjane, mwanamke wa mdomo usio na breki na mkono mwema wa mapishi. Mwanawe, Rhys, alikuwa dereva wa lori la kusambaza bia kwenye mabaa. Bryony yeye alifanya kazi duka la miwani: kumvalisha mtu fremu, kuikunja kidogo nyuma ya masikio, kurudi nyuma na kuangalia, kuikunja tena mpaka itulie.

Walihamia kwa Glenys wakisema ni mwaka mmoja tu, wadundulize wanunue pao. Lakini wao walidunduliza kwa mwendo wa konokono na bei za nyumba zikaenda kwa mwendo wa farasi. Mwaka wa nne ndipo Bryony alipokiona kibao kando ya barabara ya kutokea mjini, palipokuwa shamba la ngano na sasa panaota nyumba mpya. Kilisema: nunua fungu la nyumba, lililobaki lipie kodi. Shirika la nyumba linashika sehemu yake, nawe unashika yako. Ukipata nguvu baadaye unaongeza kidogo kidogo, hata iwe yako yote.

Jumamosi wakaenda kuitazama mojawapo. Vyumba viwili juu, sebule na jiko chini, harufu ya rangi mbichi, na nyuma kiwanja cha tope kilichoitwa bustani. Rhys alifungua kila kabati, akajilaza chali kwenye zulia la chumba cha juu, akaita, "Kitanda hapa, Bry! Televisheni pale!" Bryony alikuwa chini jikoni. Alifunga mlango, akaufungua, akaufunga tena. Kwa Glenys hakuna mlango aliowahi kuufunga bila kufikiria nani yuko upande wa pili na atasemaje.

Jumapili, mezani, kwenye nyama ya oveni na viazi na mchuzi mzito, wakamwambia Glenys.

"Nusu nyumba?" akasema Glenys, uma umesimama hewani. "Nusu ipi? Ya jikoni au ya choo?"

"Mama, haikatwi kwa msumeno."

"Nauliza tu. Maana choo kikiwa cha shirika, itabidi mpige hodi."

Bryony alicheka hadi mchuzi ukampalia, na Glenys akampiga mgongoni kwa kiganja kizito, naye anacheka.

Ombi lao la kununua nusu lilikubaliwa na shirika. Ikaja habari ya benki, ikaja habari ya wakili, na wiki zikawa zinakwenda. Katika kwenda huko Rhys akaanza kupungua maneno. Kwanza alikuwa akisema "wakili wetu". Siku moja Bryony akamsikia anasema "wakili wako", akajifanya hakusikia.

Alhamisi moja, saa ya chakula cha mchana, lori la bia likaegeshwa nyuma ya duka la miwani. Bryony alikuwa amekaa kwenye ngazi za nyuma anakula mkate wake wa jibini. Rhys akashuka, akasimama mbele yake, mikono mifukoni.

"Bry, mi siwezi."

"Huwezi nini?"

"Ile nyumba. Kusaini. Nimefikiria, nimefikiria tena. Huku mkopo, huku kodi, juu yake ada ya huduma za shirika. Ikivunjika kitu tunatengeneza sisi. Sasa huko ni kununua, au ni kuwa wapangaji wa wenye nyumba wawili kwa mpigo?"

"Haya yote tuliyazungumza. Wewe ndiye uliyesema heri nusu kuliko kungoja."

"Nilisema. Sasa nasema tungoje. Kwani pale kwa mama tuna shida gani?"

"Wewe huna shida. Wewe uko kwa mama yako."

"Mwaka mmoja tu, Bry."

"Uliusema mwaka huo huo tulipoingia na masanduku."

Alingoja akasirike. Alingoja walau apandishe sauti. Rhys akatazama saa, akasema ana mapipa ya kushusha Rothwell, akapanda lori lake akaenda. Hilo ndilo lililomchoma Bryony: hata ugomvi hakumpa. Alasiri ile alimvalisha miwani mzee mmoja, na mzee akamwuliza, "Macho yako mwenyewe vipi, binti? Yamekuwa mekundu." Akajibu ni vumbi.

Alipofika nyumbani Rhys hajarudi. Glenys alikuwa jikoni anamenya viazi.

"Ulijua?" akauliza Bryony.

"Aliniambia jana."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia ni mjinga." Glenys akatupa kiazi kwenye sufuria kwa nguvu hadi maji yakaruka. "Kwani wewe ulidhani nini? Kwamba mimi ndiye niliyemshika shati? We msichana, mimi chumba chenu nimeshakipima pazia jipya, la siku mtakapokuwa mmetoka."

Bryony akavuta kiti akakaa.

"Nataka kuiuza nyumba hii," akasema Glenys, sasa kwa sauti ya chini. "Niende kwa Avril, dada yangu, Skegness. Ana nafasi, ana bahari, na mume wake kafa kama wangu. Miaka mitatu ananiita. Nyie mmekaa humu mkingoja nyumba, nami nimekaa humu nikingoja mtoke."

"Mbona hukusema?"

"Nimfukuze mwanangu? Nilijua utamtoa wewe." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Basi usipoweza kumtoa yeye, jitoe wewe. Nenda peke yako."

"Mshahara wangu peke yake hautoshi."

"Umeuliza?"

Hakuwa ameuliza. Asubuhi alimpigia afisa wa shirika, mama mmoja aitwaye Rosalind, mwenye sauti ya mtu aliyesikia kila aina ya habari. Rosalind hakushangaa. Wachumba kuachana katikati ya manunuzi, akasema, ni jambo la kila mwezi. Akamweleza: kwa mshahara wake nusu haitawezekana, ila robo huenda ikawezekana. Kodi ya ile sehemu nyingine itapanda kwa sababu sehemu yenyewe imekuwa kubwa. Ombi litaangaliwa upya, benki nayo itaanza upya. Wakimkataa, nyumba itakwenda kwa anayefuata kwenye foleni.

"Yuko anayefuata?" akauliza Bryony.

"Mwanangu, daima yuko."

Jioni alimkuta Rhys sebuleni, mpira uko kwenye televisheni. Akasimama mbele ya televisheni hiyo.

"Naendelea," akamwambia. "Robo. Peke yangu."

"Na mimi je?"

"Wewe ulisema huwezi. Nilikusikia."

"Kwa hiyo tumeachana?"

"Sijui. Mimi nahama nyumba, hilo ndilo ninalolijua. Hilo la pili ulijue wewe."

Kutoka jikoni Glenys akaongeza sauti ya redio, ili waone kwamba hasikilizi.

Benki ilimzungusha. Kijana wa benki alimwuliza maswali yale yale aliyokwisha kuyajibu walipokuwa wawili, na kila alipojibu "mimi peke yangu" alimsikia akiandika upya. Bryony alishindwa kula. Usiku alilala kitanda kimoja na Rhys, kila mtu ukingoni kwake, katikati pangeweza kupita gari. Hatimaye ikaja simu akiwa kazini: imekubaliwa. Akaenda stoo, kati ya masanduku ya fremu, akakaa chini sakafuni kidogo, kisha akarudi kwa wateja.

Rosalind alimkabidhi funguo mlangoni, mvua inanyesha. Vitu vyake vilikuwa vichache, na aliyevihamisha alikuwa Rhys. Aliazima gari dogo la mizigo, akabeba sofa, akaunga kitanda, akaweka mashine ya kufulia mahali pake na kuhakikisha haivuji. Kazi yote hiyo hakutoa neno zaidi ya "inua" na "taratibu". Alipomaliza akasimama kizingitini, maji ya mvua yanamtiririka puani.

"Basi," akasema.

"Asante, Rhys."

Akaenda. Bryony akachoma mkate, akamwagia maharage ya kopo, akala sakafuni kwa kuwa meza hana. Alilia kidogo, akaosha sahani, akalia tena. Kisha usingizi ukamchukua na nguo zake mwilini.

Nyumba ikamfundisha. Alipanda nyasi kwenye tope, zikaota upande mmoja tu. Majira ya baridi dhoruba ikaulaza uzio wote, naye akapiga simu kwenye shirika.

"Uzio ni wa kwako," akaambiwa.

"Mimi nina robo."

"Uzio hauna robo, dada. Uzio wote ni wako."

Siku hiyo alimkumbuka Rhys na maneno yake kwenye ngazi, akaona hakuwa mjinga kabisa. Ada ya huduma nayo ikapanda, asipate wa kumweleza huduma gani iliyoongezeka. Zilikuwepo siku alizojiuliza kama amefanya vyema. Lakini alinunua nyundo, jirani akamshikia mbao, na uzio ukasimama, umeinama kidogo kushoto. Rangi ya sebule aliichagua mwenyewe, kijani kibichi, rangi ambayo Glenys alipokuja kuitazama alisema inamkumbusha kituo cha polisi. Walikunywa chai na keki, na hapo Glenys akamwambia: nyumba yake imepata mnunuzi.

Haikupita muda mrefu Rhys akaja, jioni, begi begani.

"Mama ameuza."

"Najua."

"Anahamia Skegness mwisho wa mwezi." Alitazama viatu vyake. "Nilifikiri… una chumba cha pili. Na sisi hatujaachana kweli, Bry. Au tumeachana?"

Moyo wa Bryony ulimwambia fungua. Alikuwa amemkosa: kikohozi chake, harufu ya bia iliyoganda kwenye koti, jinsi alivyokuwa akimwimbia paka wa jirani. Lakini alisimama pale pale mlangoni.

"Ungekuja mwezi jana ningekuingiza," akasema. "Leo sijui kama umekuja kwangu au umekuja kwenye chumba."

"Si yote mawili?"

"Ndiyo taabu yenyewe. Mama yako kakutoa mlango huu, unaingia mlango ule. Nenda utafute pa kulala, Rhys. Pako. Halafu uje."

"Nikija utafungua?"

"Njoo kwanza."

Alifunga mlango, akaketi kwenye ngazi, akasikia hatua zake zinasita njiani, kisha zinaenda. Siku kadhaa hakuweza kumtazama mteja yeyote machoni vizuri, na hiyo ndiyo kazi yake.

Rhys alipanga chumba juu ya baa huko Rothwell. Alijifunza kupika, vibaya. Glenys alikuwa akipigiwa simu Skegness kuulizwa yai linachemshwa muda gani. Miezi ikapita, ikaja miezi ya jua. Jumapili moja Bryony akasikia hodi, akamkuta Rhys amenyoa, hana begi, ana bakuli lililofunikwa kwa karatasi ya foili.

"Nyama ya kusaga na viazi vya kuponda," akasema. "Juu imeungua. Chini iko sawa."

"Umekuja kufanya nini?"

"Nimekuja kukuona. Chumba ninacho, nimelipia mpaka Krismasi. Jioni naondoka."

Bryony akasogea kando, akampisha. Jioni aliondoka kweli, na Jumapili iliyofuata akaja tena. Hivyo hivyo wakaenda mwaka mzima, yeye akija na kurudi kwake, mpaka Bryony mwenyewe akamwambia usafiri huu ni wa kupoteza petroli tu, lete nguo zako.

Baadaye wakakubaliana kuongeza fungu, lifike nusu, na hati iandikwe majina mawili. Shirika likamleta mthamini, mtu mwembamba na mashine ya kupimia, akapita chumba hadi chumba bila kutabasamu. Rhys alimfuata nyuma kama mwanafunzi, Bryony akachemsha maji ya chai. Ilipokuja bei, robo nyingine ilikuwa ghali kuliko ile ya kwanza.

"Wanatuibia!" akasema Rhys, na kumpigia mama yake simu ili apate wa kumuunga mkono.

"Wanakuuzia leo kile ulichokikimbia juzi," akasema Glenys, na nyuma yake Avril alisikika akicheka. "Saini, mwanangu, kabla haijapanda tena."

Wakasaini Jumanne, kisha kila mmoja akarudi kazini kwake. Rhys alikuwa na mapipa ya kushusha, na Bryony alikuwa na mwanamke anayemsubiri, ambaye miwani yake ilikuwa ikimteleza puani.