Machotara wa Bahari Nyeupe

Profesa Innokenti Lvovich alipojitolea kushika kamba ya kuzamia ya Taisia, watu wote mezani waliacha kula. Kwenye kituo chetu cha utafiti wa bahari kila mtu alijua kwamba wawili hao hawakuwa wamesemezana tangu mkutano wa vuli, pale Profesa aliposimama mbele ya wageni na kusema matokeo ya Taisia, mwanafunzi wake wa zamani, yametokana na vyombo vilivyooshwa vibaya.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya kiumbe ambacho mtu anaweza kuishi kando yake miaka yote asikione. Kwenye miamba ya ghuba yetu, chini ya barafu, huota vichaka vya rangi ya waridi, vifupi kuliko kidole, na kila kijitawi ni mnyama mwenye mdomo wake. Baadhi huzaa konyeza, wale wa kuelea kama miavuli ya maji, nao hujikwanyua na kwenda zao. Wengine huzaa konyeza wasiobanduka kamwe. Hukomaa wakining'inia kwa mama, wakamwaga mayai na mbegu papo hapo, wakanyauka. Innokenti Lvovich alikuwa amemaliza ujana wake akithibitisha kuwa hao ni aina mbili, kila moja na ukoo wake, na vitabu vikamfuata. Kisha Taisia akasoma vinasaba vyao, akakuta vichaka vilivyobeba asili ya pande zote mbili. Machotara, tena si haba.

Profesa akadai aone kichaka kikitolewa baharini na kufunguliwa mbele yake, pasiwe na mkono wa tatu katikati. Ndiyo maana alikuja mwishoni mwa Aprili, wakati barafu bado inabeba gari la theluji lakini imeanza kuwa ya kijivu. Mshika kamba wetu alikuwa hospitalini kwa homa ya mapafu. Prokhor, dereva, bega lake lilikuwa limetoka kupasuliwa. Basi mzee akasema atashika yeye. Alishika kamba za wazamiaji kabla Taisia hajazaliwa.

Prokhor alimvuta Taisia pembeni, akamnong'oneza, "Taisia Markovna, huyu ndiye unayemkabidhi roho yako?"

"Namkabidhi kamba."

"Huko chini ni kitu kimoja."

Taisia akacheka kidogo, lakini alipokuwa akivaa suti ya kuzamia, Prokhor aliona anafunga na kufungua mkanda uleule.

Walitoboa tundu karibu na mlango wa ghuba, mahali penye maji yaendayo mbio, ambayo vichaka huyapenda. Kamba zilikuwa mbili. Moja, nene, ilifungwa kifuani mwa Taisia. Nyingine, nyembamba, ilikuwa ya kupandishia mfuko wa vichaka. Profesa alipiga magoti juu ya ngozi ya kulungu, kamba nene mikononi, ile nyembamba ikiwa imefungwa kwenye kigingi cha chuma. Taisia akazama.

Chini kulikuwa na mwanga wa kijani uliopoa. Aliuona mwamba, akaona vichaka vimejaa kama ukungu wa waridi, na moyo ukamwenda mbio kwa sababu kwenye shina moja aliona konyeza waliokwisha kunenepa wakipigapiga kama wanaotaka kutoka, na jirani zao wamesinyaa bila hata kujikunjua. Namna zote mbili kwenye shina moja: hicho ndicho alichokuwa akikitafuta. Alikwangua kwa uangalifu, akatia kwenye mfuko mweusi wa turubai, akaufunga mdomo wake na kuuacha uning'inie kwenye kamba nyembamba.

Hapo mkondo ukageuka. Maji ya kupwa yalianza mapema kuliko walivyotarajia, yakamsukuma Taisia pembeni na mfuko nao ukavutwa. Kamba nyembamba ikajisokota kwenye ile nene, na mfuko ukakwama kama kabari chini ya ukingo wa barafu, mahali penye ufa. Taisia alivuta mara mbili, ishara ya kutaka kupandishwa. Kamba haikumpandisha. Alipojaribu kuifuata kwa mikono, mkondo ulimrudisha kila alipojisogeza. Akatazama kipimo cha hewa, kisha akajilazimisha asikitazame tena.

Juu, Innokenti Lvovich alivuta, akahisi uzito uliokwama. Akamwambia Prokhor, "Imesokotana." Akalala kifudifudi, akaingiza mkono majini hadi begani, akapapasa. Prokhor, aliyekuwa amemshika miguu, alimsikia akipumua kwa nguvu. Mkono ulitoka umekuwa mwekundu. Ukarudi tena ndani.

"Inafunguka?" Prokhor akauliza.

Mzee akautoa mkono. Alichomoa kisu kiunoni, akakata kamba ya mfuko.

Mfuko ukaenda na mkondo chini ya barafu. Kamba nene ikalegea, ikavutika, na baada ya muda kichwa cha Taisia kikatokea tunduni. Walimkokota wote wawili, bega bovu na mkono uliokufa ganzi, mpaka akalala juu ya barafu akikohoa. Neno la kwanza alilosema lilikuwa, "Mfuko?"

"Nimeukata," Profesa akasema.

Jioni hiyo kituoni maneno yalipita kutoka chumba cha kuoga kwa mvuke hadi jikoni. Prokhor aliulizwa na kila mtu kama fundo lingeweza kufunguliwa, au mzee aliutupa ushahidi makusudi. Alisema labda, kama mtu angekuwa na subira. Halafu akasema labda hapana. Mwishowe akakataa kuzungumza. Taisia aliwasikia. Alimshukuru mzee mbele ya watu, kwa heshima, kama unavyomshukuru mgeni, na akala bila kuinua macho. Barafu haikukubali kuzamiwa tena msimu ule. Siku chache baadaye ilipasuka, na vichaka, kama ilivyo kawaida yao maji yakipata joto, vikafa, viote tena msimu ujao.

Kabla ya kuondoka, Innokenti Lvovich aliomba wafanyakazi wakutane. Alisimama, mkono wa kulia bado umefungwa bendeji, akasema kwamba alipokuwa amelala kifudifudi aliuona mfuko kwa karibu, na ndani yake aliona shina lenye konyeza wa namna zote mbili. Taisia alikuwa sahihi. Yeye mwenyewe atayaandika hayo.

Watu wakamgeukia Taisia wakitabasamu. Yeye alikuwa amekunja uso.

"Innokenti Lvovich," akasema, "mfuko ule ni wa turubai jeusi. Hakuna mtu anayeweza kuona ndani yake."

Mzee akaigusa bendeji yake.

"Hukuona kitu."

"Niliona wanavyonitazama, Taisia. Na wewe pia."

"Kwa hiyo unanipa ushindi kama sadaka? Ulinifundisha mwenyewe kwamba asiyeona asiseme ameona." Akamkazia macho. "Mimi ndiye niliyekuwa chini. Nilivuta, nikangoja. Nilikuwa na hofu kwamba huko juu unafikiria uniokoe au uniache. Sasa sitaki kujua ulifikiria nini. Nataka vichaka."

"Nilifikiria," akajibu polepole. "Muda mfupi sana. Lakini nilifikiria." Akakaa chini.

Hakuna aliyejua aangalie wapi. Taisia ndiye aliyeinuka, akamwendea na kumwambia wazi kwamba mwaka ujao yeye mzee ndiye atakayemshikia kamba tena, maana mtu aliyekwisha kujaribiwa anamfaa kuliko asiyejaribiwa.

Ikawa hivyo. Safari hii mfuko ulipanda kwanza. Vipande vya vichaka vilipelekwa kwenye maabara mbili zisizofahamiana, bila jina la mtu. Majibu yalikuja wakati wa chakula cha mchana, nayo yalifanana: vingi vilikuwa vya ukoo mmoja au mwingine, lakini kadhaa vilikuwa vya pande zote mbili.

Profesa alisoma, akavua miwani, akaipangusa.

"Haya, ni machotara. Nilikosea. Lakini chotara hazaliwi bila wazazi wa aina mbili. Kwa hiyo aina mbili zipo."

"Na machotara wakizaana wenyewe kwa wenyewe, na wakawarudia wazazi wao? Hizo aina mbili utaziona wapi?"

"Umewaona wakizaana?"

"Bado."

"Basi bado."

"Wewe mzee ni mbishi!"

"Na wewe nani kakufundisha?"

Prokhor aliona supu ya samaki imeanza kufanya utando, akayakusanya mabakuli yao mawili na kurudisha supu jikoni kuipasha moto, huku nyuma yake wale wawili wakivutana juu ya karatasi moja.