Kivuli cha Vinayak

Mume wangu Vinayak alinipiga picha maisha yetu yote, na yeye hakukubali nimpige hata moja. Ukimwambia lete kamera, anasema, "Utatikisa." Akafa hivyo hivyo, mjinga yule. Albamu ya harusi ilichukuliwa na mto Krishna ulipofurika ukaingia ndani hapa Sangli. Kilichopona ni mkebe wa negativu juu ya kabati, na humo ni mimi tu: mimi jikoni, mimi na sari mpya, mimi nimenuna.

Ilibaki siku moja atimize mwaka tangu afe. Kuhani angekuja, na ukutani ilikuwa lazima iwepo picha ya marehemu ya kuvikwa shada la maua. Dada yake, wifi yangu Mandakini, akaleta picha ya kitambulisho aliyoikuza.

"Mungu wangu, wifi, huyu nani?"

"Kaka yangu, nani mwingine?"

"Huyu mwizi wa kuku!"

Tukacheka, kisha nikalia, maana kweli sikumtambua.

Mimi nilikuwa na yangu. Nilichagua negativu moja, nikaenda kuikuza studio, ikatoka kubwa kama mlango wa kabati. Nimekaa kwenye ngazi za mtoni, msichana bado, nacheka na kikombe cha chai mkononi. Mbele yangu, juu ya mawe, kimelala kivuli cha mpiga picha: viwiko vimetanuka, nywele zimesimama upande mmoja. Ni yeye mzima mzima. Nilimjua hata kabla sijavaa miwani.

Nikaitandaza sakafuni, nikaibandika kwenye kadibodi kwa gundi ya unga kama alivyokuwa akifanya, nikisugua kwa kitambaa kutoka katikati kwenda pembeni isifanye mapovu. Zamani hapo ndipo alipokuwa akinifokea: "Hiyo si chapati, Vasudha!" Nilipofika pembeni nikajikuta nasubiri kufokewa. Nyumba kimya. Jamani, upweke ni kitu kibaya, unafika mahali unatamani hata kelele za mtu.

Mandakini akasimama juu yangu. "Wifi, una wazimu? Utajivika shada la wafu nawe u hai? Kuhani atakimbia!"

"Shada ni la kivuli."

"Picha ina watu wawili, na mmoja anakunywa chai!" Akaokota kisu. "Tuikate. Wewe huku, yeye kule."

"Ukiikata, nami nakukata mkono."

Akasusa, akaenda zake. Lakini alisema kweli. Shada likizunguka fremu ile, litanizunguka na mimi.

Nikachukua kadibodi nyingine, ile nyeupe ya kufunika picha kabla ya kioo, inayokatwa dirisha katikati. Vinayak alikuwa akikata dirisha kubwa, picha yote ionekane. Mimi nikakata dogo, chini kabisa, la kumtosha yeye. Kona moja kisu kiliteleza, ikatoka mbaya. Nikaifunika picha, nikaweka kioo, nikapiga misumari. Msichana akapotea na chai yake. Iliniuma kuliko nilivyotarajia.

Asubuhi kuhani akaitazama fremu, akauliza, "Marehemu yuko wapi?"

Kabla sijajibu, Mandakini akasogea, akaziba mdomo kwa ncha ya sari. "Kaka!" akasema. "Na nywele zake zile!" Akalia mpaka akakalishwa kitini. Shada alilivika yeye mwenyewe.

Wageni walipoondoka tukabaki wawili, tunakula ladu zilizobaki.

"Wifi," nikamwambia, "siku yangu ikifika msihangaike kutafuta picha. Itoeni kadibodi tu, tutaonekana wote wawili."

"Ataitoa nani?" akauliza, wala hakusema kwa ubaya. Mimi na Vinayak watoto hatukupata, na yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka mingi. Tukamaliza ladu.

Alipoondoka, nikaishusha fremu, nikaigeuza, nikaandika mgongoni kwa penseli, kwa herufi kubwa, kwa yeyote atakayeinunua pamoja na vitu vya nyumba nikishakufa: Toa kadibodi. Mke wake yuko chini yake.