Kibwana Mnyoa Nta

Usingizi haubishi hodi. Unamkuta Kibwana mchana kweupe, ndani ya karakana yake ya mashine za kale pale Chumbageni, mkono mmoja kwenye mpini na mwingine ukitafuta leso ya kufutia jasho. Mbele yake zipo silinda mbili za nta nyeusi, kila moja ukubwa wa glasi ya maji, zimefanana kama mapacha. Moja ina sauti ya mnadi akinadi vitanda na masufuria. Nyingine ina sauti ya marehemu mkewe, Zuhura. Na leo moja lazima inyolewe, yaani izungushwe kwenye mashine huku wembe ukiikwangua juu juu, mpaka mifereji ya sauti ya zamani iishe na nta ibaki laini, tayari kupokea sauti mpya. Jirani yake, Bi Mwanamize, anakuja baada ya alasiri kumwachia mjukuu wake nasaha za ndoa, kwa sababu kesho anapasuliwa koo, na daktari hakumficha kwamba huenda asiseme tena. Simu haitaki, anasema sauti ya simu ni ya kila mtu. Nta nyingine hakuna. Na vifuniko vya makasha, ambavyo ndivyo vilivyokuwa vikionyesha ipi ni ipi, Kibwana amevichanganya mwenyewe jana akipangusa vumbi. Mtu mwingine angesikiliza tu, yakaisha. Lakini huyu ni bahili wa sauti. Kila sindano inapopita juu ya nta huondoka na kidogo, na sauti ya Zuhura ilikwisha kuchakaa, basi akaapa kwamba hataipiga tena, hata mzunguko mmoja, ataitunza. Ameitunza hata maneno yake ameyasahau. Sauti yenyewe anasema anaikumbuka. Haya, tuseme anaikumbuka.

Anafumba macho ili moyo umchagulie, moyo unachagua ya kushoto, anaipachika, anazungusha mpini, na nta inaanza kutoka nyuzi nyuzi, machicha meusi yanamwangukia mapajani, mpini unazunguka, kichwa kinazunguka, na kabla wembe haujafika katikati nta imekuwa barabara naye yumo anatembea. Barabara ni nyeusi, inang'aa, inapinda upande mmoja tu na haichoki kupinda. Anapita duka lililofungwa, mlango wa buluu, duka lililofungwa, mlango wa buluu, na kila akirudi palepale anaona pamepungua kimo kidogo. Watu wanapishana naye bila macho, bila midomo, nyuso zao laini kabisa, na Kibwana anaona aibu, maana fundi huijua kazi ya mkono wake. Mmoja wao, mwanamke aliyejitanda kanga, anaacha wenzake na kuja kutembea ubavuni mwake. Kitendawili, anasema, kwa sauti inayokwaruza. Tega, anajibu Kibwana, kwani adabu ni adabu hata ndotoni. Ukinitoa nakwisha, ukinificha napotea. Kibwana anakuna kichwa. Chumvi? Siyo. Nta? Umefika barazani, bwana, lakini ndani hujaingia. Nipe mji. Na desturi ndiyo hiyo, aliyeshindwa kitendawili hutoa mji, kwa hiyo Kibwana anatoa Pangani, anaitoa upesi upesi kwa kuwa si yake.

Papo hapo wamo Pangani, na Pangani ina duka lililofungwa na mlango wa buluu, na mbele ya macho yake madirisha yanajifuta, maandishi ya dukani yanajifuta, mji mzima unanyoleka na kubaki mweupe pe. Nipe mji mwingine. Anatoa Kilwa, wamo Kilwa, duka lililofungwa, mlango wa buluu, Kilwa nayo inakwenda. Anatoa Korogwe, anatoa Muheza, anaanza kutoa miji ambayo hajawahi kufika. Dada, nakuomba, anasema, sikuja kucheza, nielekeze kwa mke wangu. Unamjua? Nisimjue vipi! Alikuwa akikuitaje? Kibwana anafungua kinywa. Lipo jina, la utani, la ndani, hakuna mwingine aliyemwita hivyo, lipo kwenye ncha ya ulimi na ncha ya ulimi imenyolewa. Anaogopa sasa, anaogopa hasa. Nipe mji, anasema mwanamke. Umebaki Tanga. Anatoa Tanga. Umebaki mtaa. Anatoa mtaa. Wamesimama mbele ya mlango wa buluu, na kumbe ni wa nyumba yake mwenyewe, yeye na Zuhura ndio walioupaka ile rangi, na bawaba zimeshaanza kufutika. Sitoi tena! anapiga kelele. Ni sauti yake! Jibu ni sauti ya mke wangu! Mwanamke anasimama. Sasa kama ulijua, anauliza taratibu, kwa nini uliificha?

Hodi. Hodi humu ndani. Kibwana anagutuka. Bi Mwanamize yuko mlangoni, ameshika mkoba wa ukili kwa mikono miwili. Karibu mama, shikamoo, anasema Kibwana, au anadhani amesema. Mapajani pamejaa machicha ya nta. Silinda ya kushoto imo kwenye mashine, imenyolewa kwisha, laini, wala hakumbuki kuimaliza. Anapapasa kidevu, nacho ni laini. Asubuhi alikuwa na ndevu. Au ilikuwa jana? Marahaba mwanangu, anasema Bi Mwanamize, mbona umesawajika hivyo, kuna msiba? Nisubiri kidogo mama, nisubiri. Anaichukua ile iliyobaki, vidole viwili kwa ndani asije akaigusa uso, anaipachika kwenye mashine ya pili, na kiapo kimekwenda na maji. Anaishusha sindano. Nta inakwaruza, inakohoa, inakwaruza tena, na sauti inatoka, ileile, ya barabarani, ya ubavuni mwake: Kitendawili, Bwana Taratibu.

Bwana Taratibu. Ndilo. Machozi yanamtoka Kibwana bila kuyazuia. Tega, anasema. Tega, mke wangu, nakusikiliza.

Bi Mwanamize anamtazama, anaitazama mashine, anakuja kumwekea mkono begani. Mwanangu, anasema kwa upole, huyo ni mnadi, anauza vitanda. Unamjibu nini?

Sindano inazidi kwenda, na nta inazidi kuliwa. Kibwana hageuki. Tega, anasema tena.