Pijo la Mwenyekiti

Kila asubuhi, kabla maji ya chai hayajachemka, Gordon alipiga honi mbele ya nyumba za mtaa wa Mbotela, Nairobi, na wanaume wakatoka kulisukuma Pijo lake. Lilikuwa Pijo 403, gari la enzi za mkoloni, betri imekufa kitambo, na Gordon hakuona haja ya kununua nyingine. Yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya wapangaji. Katibu pia alikuwa yeye. Asiyesukuma alikuta kufuli mlangoni na vyombo vyake nje.

Mwanzoni lilikuwa bovu la kutia huruma, kutu imekula milango. Kisha kutu ikaanza kurudi nyuma. Ufa wa kioo ukajifunga. Rangi ya maziwa ikarejea, na viti vikanukia ngozi mpya. Wasukumaji nao wakazeeka. Jirani Wanyoike, aliyeoa Pasaka tu, akaanza kutembelea mkongojo. Mtaa mzima ulijua gari linatoa wapi upya wake, kama ulivyojua kwamba maji ya mfereji hukatika Jumamosi.

Ndindi alijua zaidi, kwa sababu mumewe Mativo alikuwa mmoja wao. Mativo alikuwa mchonga vinyago, bado kijana. Sasa mikono ilimtetemeka, hata twiga akimchonga anatoka na shingo ya mbuzi. Mwalimu wa binti yao Kavutha alimwamkia Mativo "babu," naye akaitikia.

"Baba Kavutha, acha kusukuma," Ndindi alimwambia. "Litakumaliza lile."

"Nikiacha tutalala wapi?"

"Afadhali nilale sokoni Gikomba juu ya magunia kuliko nikuzike."

"Na mtoto je?"

Ndindi alisugua sufuria iliyokuwa safi tayari.

Jumamosi alikwenda Soko la Burma kununua matumbo. Pijo lilikuwa limeegeshwa mbele ya bucha, Gordon yuko kando anakula nyama choma, na mgeni mmoja mwenye kamera analizunguka. Mgeni alisema kazi yake ni kupita mitaani akitafuta magari ya zamani, na hajawahi kuona 403 iliyotunzwa hivi. Fundi wake nani?

"Nalitunza mwenyewe," Gordon alisema, akipangusa mafuta kidevuni.

Ndindi alisogea karibu. Kutunza gani, na mtu huyu hata kitambaa cha kufutia vumbi hajawahi kukishika? Aliweka kikapu chini.

"Mwenyekiti, gari hili limemla mume wangu. Kila kinachong'aa hapa ni cha Mativo, na Wanyoike, na wenzao. Sema ukweli mbele ya watu."

Gordon hakukasirika hata kidogo. "Nani amekataa, Mama Kavutha? Kila mtu anajua."

Wauza nyama walitikisa vichwa kukubali. Mgeni naye aliona maelezo yametosha. Alimwomba Ndindi asogee kidogo, kwa kuwa kivuli chake kilikuwa kinaangukia boneti, kisha akapiga picha.

Wiki hiyo Pijo likawa jipya kabisa. Jioni moja Gordon aligeuza ufunguo, likawaka lenyewe. Ndindi alilisikia likinguruma akiwa jikoni, akamshukuru Mungu. Sasa wataachwa wapumzike, alijiambia.

Kesho yake honi ikalia. Mativo alijaribu kuinuka, magoti yakakataa. Ndindi alimrudisha kitandani, akamfunika, akajifunga leso kiunoni na kutoka.

"Si limewaka?" alimwuliza Gordon kwenye dirisha la gari. "Linasukumwa la nini?"

"Nimezoea," Gordon alisema. "Kila nyumba inatoa mtu mmoja. Yenu ni wewe?"

Ndindi angemtemea mate. Alimfikiria Kavutha, ambaye bado alikuwa amelala ndani. Akaenda nyuma, akasimama karibu na Wanyoike, akaweka viganja juu ya buti. Alisukuma kwa hasira zake zote, akimlaani Gordon kila hatua, na hasira zile gari likazipokea pia. Lilipofika Jogoo Road lilikuwa liking'aa kuliko siku nyingine yoyote. Waliokuwa wakingoja basi waligeuza shingo kulitazama, na mmoja wao akalisifu.