Ngome Isiyozimwa

Saa sita mchana feni ilipunguza mwendo, ikasita, ikanyamaa. Mashine ya oksijeni iliyokuwa pembeni mwa zulia ikatoa mlio mmoja mrefu, kama mwanambuzi aliyetengwa na mamaye, kisha nayo ikazimika. Katika ukimya ule ndipo ulipojitokeza mvumo wa upande wa pili wa ukuta. Mvumo huo haukujua mgao wa umeme. Ulitoka katika kiwanda cha zamani cha mazulia, ambacho jeshi lilikitwaa na kukijaza mashine za kuchimba bitcoin, sarafu ya mtandaoni. Mtaa mzima ulikiita Ngome.

Esfandiar Kuhestani hakutaharuki. Alimwashiria binti yake, Golnar, alete mtungi wa akiba. Na kabla mtungi haujafika, mlango uligongwa. Alikuwa Morad, jirani wa ukuta mmoja, ambaye vitani alikuwa mshika redio wa kikosi alichokiongoza Esfandiar. Wawili hao waliivuta sumu moja, asubuhi moja, katika vinamasi vya kusini, na tangu siku hiyo wakaishi kwa pumzi za kuazima. Kila umeme ulipokatwa, waliugawana mtungi mmoja kwa zamu.

"Kamanda, umezidi," Morad alilalama, mkono ameunyoosha. "Unavuta kama bwana harusi aliyepewa kiko cha bure!"

"Nyamaza. Vitani ulikula mgao wangu wa tende, leo wanihesabia pumzi?"

"Tende zile zilijaa mchanga. Niliyaokoa meno yako, huna hata shukrani."

Walicheka, na kicheko kikawatoza ushuru wa kikohozi.

Golnar hakucheka. Mshale wa mtungi ulikuwa umekaribia sufuri.

"Baba, huu ndio wa mwisho. Duka la dawa hawana mwingine. Ungeikubali tu ile jenereta..."

"Golnar."

Binti akaufyata ulimi. Lakini neno lilikwisha kutoka, na Esfandiar akarudishwa, apende asipende, kwenye siku ile Kanali Siavash, mkuu wa Ngome, alipokuja kumwamkia na sanduku la vileja vya tende. Kanali aliketi chini, magoti pamoja, kama mwana mbele ya mzee.

"Mjomba," alisema, "kwa vikwazo vyao bahari wametufungia, benki wametufungia. Sarafu hii haipiti bandarini wala benki. Umeme unaingia hapa, na ng'ambo ya dunia tunanunua vipuri vya makombora. Tena mwenye mashine nyingi hasukumwi ovyo, kwani sarafu yenyewe inasimama juu ya nguvu za mashine. Nyinyi mliushika mstari wa mbele kwa miili. Sisi twaushika kwa umeme."

Macho ya Esfandiar yalilengwa na machozi. Aliliamini kila neno, wala hakuwa mpumbavu kwa kuliamini; aliyewahi kuachwa na ulimwengu mzima akifa kwa sumu hahitaji kufundishwa maana ya silaha.

"Nasikia mashine yako ya pumzi inazimika," Kanali aliongeza. "Ghalani nina jenereta. Niilete?"

"Hasha! Cha Ngome kibaki Ngomeni."

"Si taabu, mjomba."

"Mimi ni nani hata nilipokonye taifa?"

Kwetu anayepewa hukataa mara ya kwanza kwa haya, ya pili kwa heshima, na ya tatu hupokea kwa shukrani. Na anayetoa huyajua hayo tangu angali akinyonya. Pengine Kanali alikuwa na haraka. Pengine alipenda kuamini kuwa mzee hataki kweli. Alisimama, akaweka mkono kifuani, akasema, "Taifa linajivunia watu kama wewe," akaenda zake. Chai yake ilikuwa ingali ikifuka.

Tangu hapo Esfandiar aliingojea mara ya tatu. Kurudi kuomba alichokwisha kukikataa kulikuwa kuzito kuliko kufa, na kufa alikwisha kukuzoea.

"Zamu yako," alisema sasa, akimpa Morad barakoa.

Morad hakuipokea. Kichwa chake kilikuwa kimeinamia mto, midomo imegeuka rangi ya zambarau mbivu. Esfandiar akamtazama, na ndipo alipoona jambo ambalo haya yake ilikuwa imelifunika: siku ile alikataa kwa vinywa viwili, na kimoja hakikuwa chake, kilikuwa cha Morad.

"Nivalishe koti," alimwambia binti yake.

Morad hakuweza kusimama. Walimwachia tone lililosalia mtungini, wakaipakia mashine ya oksijeni kwenye toroli, iwe tayari pakipatikana umeme, wakaenda. Getini Kanali alitoka mwenyewe.

"Nimekuja kuiomba jenereta niliyoikataa," alisema Esfandiar, na kila neno lilitoka kama jino.

Kanali akatazama chini. "Imekwisha kufungwa ukumbi wa pili, mjomba. Inapoza mashine. Joto hili likizipata, zinaungua. Lakini ingia wewe. Humu hakuzimwi. Chomeka hapa mlangoni, uvute hata kutwa."

Ndani, mashine zilipangwa kwenye rafu hadi darini, taa zake zikikonyeza, na upepo wa feni ulikuwa baridi kama wa milimani. Esfandiar aliketishwa kitini. Golnar akakunjua waya, lakini baba akamnyang'anya plagi.

"Na Morad?"

"Nani?" aliuliza Kanali.

"Mshika redio wangu. Yuko nyuma ya ukuta huu."

"Mjomba, nikimwingiza mmoja, kesho mtaa mzima uko getini. Ngome si hospitali. Wewe uliwahi kuamua nani aachwe, unanielewa."

"Niliwahi. Niliwaacha watu ili mstari usivunjike, kwa sababu nyuma yake kulikuwa na watu." Alisita kutafuta hewa. "Nyuma ya huu wako yuko nani?"

Mashine zilivuma.

"Baba, chomeka. Nakuomba."

"Kamlete Morad."

"Chomeka kwanza!"

"Nikichomeka, wataridhika na kufunga lango. Nenda na toroli, mwanangu."

Golnar alimtazama, akaishusha mashine sakafuni, akatoka mbio, gurudumu likilia juu ya kokoto. Mlinzi alishika komeo, akamgeukia mkuu wake kungoja amri. Kanali aliyakazia macho mawe ya sakafu. Hakusema funga, wala hakusema acha.

Esfandiar aliketi wima kama siku ya gwaride, plagi ndani ya ngumi, na upepo wa feni ukazipeperusha mvi zake.